Mtu wa Tano wa Ada Maud

Toronto, 9 Novemba 1997

Baba mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matofali. Magoti yanasemaje na baridi hii? Na dirisha la jikoni, umeliziba kiungwana au bado unachomeka soksi? Mimi sijambo. Mafua yalinikaba wiki mbili nikawa naimba kama kuku anayefukuzwa, lakini sauti imerudi.

Nina habari. Kampuni moja ya kurekodi iliniita. Mtu wao, Bwana Pruett, alinisikia kwenye baa siku nilipoimba wimbo wa boti yetu, Ada Maud. Ndiyo, nimeutunga. Sikukwambia kwa sababu sikujua kama utakamilika. Unajua nakanda mikate bekari tangu alfajiri. Mikono ikishashika mwendo wake, kichwa kinabaki hakina kazi, na hapo ndipo maneno yanapokuja. Nayaandika kwa penseli kwenye mifuko ya unga. Msimamizi ameshazoea, siku hizi ananiwekea mifuko mitupu pembeni. Mahadhi nimeyatoa kwenye nyimbo ulizokuwa ukiimba harusini, nikayapinda kidogo ili usinidai. Imenichukua miezi minne kupata beti kumi na moja. Nyingine nilizitupa baada ya kuziimba mara moja tu, maana ubeti wa uongo unajulikana ukiingia mdomoni. Nimetaja tarehe, upepo, mahali boti ilipoonekana mara ya mwisho, na watu, kama inavyotakiwa kwetu.

Pruett ameupenda. Ila anataka beti nne, kiitikio kirudiwe, na majina yote yatoke. "Nani anamjua Cecil Fudge?" akaniuliza. Nikamwambia mimi namjua, ni kaka yangu, alizama. Akatabasamu kwa upole, akasema, "Pole sana. Lakini weka 'mabaharia' tu, dada, kila mtu atajiona humo." Nikainuka nikamwachia kahawa yangu mezani.

Kwa hiyo nitarekodi mwenyewe. Mama mwenye nyumba wangu, Darka, ana chumba cha chini anakochachushia kabichi kwenye mapipa. Kinanuka, lakini kina kuta nene. Mashine nimeazima kwa mpiga fidla mmoja. Nimekutumia maneno yote. Soma uniambie wapi nimekosea mambo ya bahari.

Mwanao,
Verna


Tibbo, 1 Desemba 1997

Mwanangu Verna,

Barua yako ilifika na meli ya Alhamisi, ikiwa imelowa pembe moja tu, nashukuru. Mimi ni mzima. Magoti hayapandi tena ngazi za kanisa bila kunitukana, lakini yanapanda. Soksi iko dirishani na inafanya kazi vizuri kuliko fundi yeyote.

Huyo Pruett umemjibu sawasawa, ila ningekuwa mimi ningeimaliza kahawa kwanza.

Sasa wimbo. Nimeusoma mezani, nikausoma tena nimesimama. Upepo siku ile ulikuwa wa kusini-magharibi, si kusini-mashariki. Boti ilikuwa ya kijivu. Rangi ya kijani ilikuwa ya mwaka wa nyuma yake. Mengine yote sahihi. Ule ubeti wa Cecil akitafuta glavu zake asubuhi ile, na zimo mfukoni mwake, umeniweka chini. Sikujua kama uliona.

Lakini nimehesabu watu. Nimehesabu mara tatu, mara ya mwisho kwa vidole. Umemtaja Cecil, umemtaja Wilf Durnford, umewataja ndugu wawili, Eli na Hubert Rose. Hao ni wanne. Walioondoka gatini ni watano. Garland Strickland yuko wapi? Nahodha mwenyewe wa boti!

Wewe ni mtoto wa hapa, nisikufundishe. Hakuna hata mwili mmoja uliorudi. Hakuna kaburi la kwenda kusimama. Wimbo ndio kaburi lao, na mtu akikosekana humo ni kama amezamishwa mara ya pili. Nadhani umesahau kwa uchovu. Rekebisha kabla hujarekodi.

Baba yako,
Leander


Toronto, 20 Desemba 1997

Baba,

Natumai barua hii itakukuta salama na itafika kabla ya Krismasi. Mimi mzima. Upepo na rangi ya boti nimesharekebisha, asante.

Garland sikumsahau. Nimemwacha kwa makusudi.

Februari, katikati ya msimu wa dhoruba, jua linatoka ghafla, bahari imetulia kama maziwa kikombeni, hewa ina joto la kukuvulisha koti. Siku ya kudekeza, kama tunavyoiita. Hata mtoto wa darasa la kwanza Tibbo anajua siku hiyo haiaminiki, kwamba kabla ya jioni itakugeuka. Boti zote zilibaki zimefungwa. Moja tu ilitoka, kwa sababu nahodha wake aliamua. Wale wanne walikuwa chini ya amri yake, na mmoja wao alikuwa na miaka ishirini na mbili na glavu mfukoni. Mimi jina la Garland halitatoka kinywani mwangu.

Usiniambie wimbo si wangu. Nimeukanda mwenyewe, kila neno. Nimemkatalia Pruett aliyetaka kuondoa majina, na wewe unayetaka kuongeza nakukatalia.

Chumba cha kabichi nimekitundikia mablanketi kila upande. Kila ninapofika ubeti wa saba, bomba la joto linagonga, nami naanza upya. Nimeanza upya mara kumi na nne. Darka anashuka na supu, anakaa juu ya pipa, ananiambia kwa Kiingereza chake cha Kiukreni, "Bomba nalo linataka kuimba, mwache." Sitamwacha.

Krismasi njema. Kula vizuri.

Mwanao,
Verna


Tibbo, 12 Januari 1998

Verna,

Mimi mzima. Wewe sijui, kwa maana mtu mzima haandiki barua kama ile.

Krismasi imepita. Watu walijifunika nyuso wakazunguka nyumba hadi nyumba kucheza na kunywa kama kila mwaka. Wamebisha kila mlango isipokuwa wa Effie, mjane wa Garland. Ni mwaka wa tano. Aliweka keki mezani, nikaiona dirishani, nzima, haijakatwa.

Siku ya pili yake alinisimamisha njiani. "Nasikia Verna katunga wimbo wa Ada Maud." Nikasema ndiyo. "Garland kampa ubeti wa ngapi?"

Nimedanganya, Verna. Nimesema wa tisa. Mzee wa miaka sitini na sita nimesimama kwenye theluji nikamdanganya mwanamke mjane usoni, kwa ajili yako. Akasema, "Wa tisa ni mahali pazuri," akaenda zake.

Sasa kuna ubeti wa tisa unaosubiriwa na mtu. Utunge.

Baba yako,
Leander


Toronto, 30 Januari 1998

Baba,

Sijambo, na natumai hujambo.

Mwambie ukweli. Uongo ni wako, mimi sikukutuma.

Juzi nimeuimba katika ukumbi wa kanisa mbele ya watu wa kisiwa chetu waliohamia huku. Nilipofika majina, wanaume walivua kofia mmoja mmoja. Hakuna aliyekuja kuniuliza wa tano. Wewe peke yako ndiye unayeniuliza, na hilo ndilo silielewi. Kwa nini unamtetea? Cecil alikuwa mwanao. Ulilia siku moja, ukanawa uso, na tangu hapo hata jina lake hulitaji mpaka nilitaje mimi. Ulikuwa ukiimba kila harusi, ukiombwa na usipoombwa. Sasa miaka mitano hujafungua kinywa. Nilikuwa nadhani una uchungu kama wangu. Kumbe uchungu wako wote umempa Garland Strickland.

Nieleze, au uniache nifanye kazi yangu. Kanda zinatoka mwezi wa nne. Majalada nimeyachora kwa mkono mimi mwenyewe, mia mbili, na yana majina manne.

Mwanao,
Verna


Tibbo, 17 Februari 1998

Mwanangu,

Salamu. Mimi sina ugonjwa wa mwili.

Umetaka nikueleze. Jana imetimia miaka mitano, nami nimekaa na kalamu tangu kifungua kinywa.

Garland hakuamua peke yake. Asubuhi ile alikuja gatini nikiwa natengeneza nyavu. Unajua watu walivyokuwa wakinijia kuniuliza mbingu. Baba yangu aliisoma, na mimi naisoma, na kwa miaka arobaini sikuwahi kumpoteza mtu. Garland akasema, "Leander, hii siku mimi siipendi. Inadekeza mno. Wewe unasemaje?" Alikuwa tayari kurudi nyumbani. Alishavua glavu.

Mimi pia sikuipenda. Nakuapia niliiona. Kulikuwa na uzi mweusi wa wingu chini kabisa, upande wa kusini, mwembamba. Lakini Cecil alikuwa amebakiza wiki moja tu ya kazi ili apate posho ya serikali ya kukaa msimu mzima bila kazi, na wiki hiyo ilikuwa inakwisha, na kiwanda cha samaki kilikuwa kinazungumzwa kufungwa. Nikamtazama kijana wangu amesimama pale anajipapasa kutafuta glavu, nikajiambia itashika mpaka saa kumi. Nikamwambia Garland, "Nendeni. Haitacheza mpaka jioni."

Ilicheza saa saba, dhoruba ikashuka.

Watu wote walipoanza kusema Garland alikuwa mjinga, Garland alikuwa mlafi, nilikuwa nimekaa nao. Sikusema neno. Siku ya kwanza nilishindwa, siku ya pili ikawa imechelewa, kisha ikawa miaka. Ndiyo maana siimbi. Kila nikifungua kinywa nasikia maneno yale niliyomwambia Garland.

Sasa unajua nani wa kuachwa nje ya wimbo. Garland mtie.

Baba yako,
Leander


Tibbo, 30 Machi 1998

Verna,

Meli imekuja mara sita tangu nilipokuandikia. Mara zote sita nimeshuka kuipokea. Karani wa posta ananitikisia kichwa kabla sijafika, anaokoa magoti yangu.

Usiponiandikia tena sitakulaumu. Huna deni la kunisalimu. Lakini kama ulidhani nimekueleza ili unihurumie, au ili wimbo uutupe, hapana. Utoe. Uutoe na Garland ndani yake. Hilo silibembelezi, nalidai.

Leander


Toronto, 24 Aprili 1998

Baba,

Sijui nikusalimu vipi, kwa hiyo nakusalimu kama kawaida. Hujambo? Mimi nipo.

Nilikukasirikia hadi nikaumwa. Niandike wazi, sina mwingine wa kumwandikia. Nilikuwa nakanda unga na kuupiga mpaka msimamizi akaniondoa mezani akanipa kazi ya tanuri. Miaka mitano nimemchukia mtu asiyekuwepo, na uliniacha nimchukie. Nilimtukana hata katika sala. Ungeniambia neno moja tu, Baba. Kisha namwona Cecil anajipapasa mifuko, na wewe umesimama unamtakia wiki moja, nashindwa kukuchukia sawasawa. Hilo linanikasirisha zaidi.

Wiki tatu sikuimba kabisa. Ya nne nikashuka kwa Darka na gitaa na mfuko mtupu wa unga. Garland alikuja kwa shida, lakini alikuja. Wewe ulikataa kuingia kwenye ubeti. Nikaandika "mzee mmoja gatini", nikaiimba, nikamsikia Pruett akisema kila mtu atajiona humo. Nikafuta. Nikaandika "msoma mbingu". Nikafuta. Nikajaribu kumaliza ubeti kwa Garland kuuliza tu, bila mtu kumjibu. Mahadhi yenyewe yalikataa, yalining'inia. Mtu akiuliza kwenye wimbo lazima ajibiwe. Siku tisa nimehangaika na mistari minne, na ubeti ulipokuja ulikuja wote kwa pamoja, nikiwa natoa mikate, nikaungua mkono:

*Garland Strickland kasimama, gatini akauliza,*
*"Leander, mbingu wasoma, je, siku yatupendeza?"*
*Leander Fudge akasema, "Nendeni, haitacheza."*
*Watano wakaandama, bahari ikawameza.*

Huo ndio wa tisa. Effie alishaambiwa wa tisa, basi ni wa tisa. Wimbo una beti kumi na mbili, dakika tisa, na bomba la joto linasikika mara moja kwenye ubeti wa saba. Nimeliacha. Majalada mia mbili nimeyachora upya.

Sikuombi ruhusa. Uliniambia mtu aliyekuwemo asikosekane, na wewe ulikuwemo.

Kanda yako ni hii. Kanda ya Effie nitaiposti wiki moja baada yako. Kwa hiyo una wiki moja ya kwenda kumwambia kwa mdomo wako kabla sijamwambia mimi kwa wangu. Usipokwenda, ataisikia jikoni kwake peke yake, na hapo tutakuwa tumemfanyia ubaya sisi wawili.

Bado mwanao,
Verna


Tibbo, 19 Mei 1998

Mwanangu Verna,

Barua yako ilinikuta mzima, ikaniacha nusu, sasa nimerudi kuwa mzima. Mkono uliouunguza upake siagi ya kawaida, usisikilize watu wa dawa.

Nilikwenda siku ile ile. Sikuvua hata buti. Effie alikuwa anamenya viazi.

"Karibu, Leander. Umekuja kwa habari ya kuni?"

"Nimekuja kusema."

Nikasema yote nimesimama. Hakulia. Kisu kiliendelea kuzunguka kiazi hadi kiazi chenyewe kikaisha.

"Miaka mitano," akasema, "kanisani benchi zima ni langu. Tryphena Rose ananipita dukani kana kwamba mimi ni rafu. Na wewe ulikuwa umekaa hapo mbele, na tai yako."

"Ndiyo."

"Na kuni unazonipasulia kila mwaka. Mimi nikiwaambia wanangu, jamani Leander ana moyo, alipoteza mtoto kwenye boti yetu na bado ananipasulia kuni."

Akakiweka kisu chini.

"Kachukue zilizobaki. Zote, hata vijiti. Ukimaliza, nenda kwa hao walionipa mgongo ukawaambie wao. Mimi nilijua siku zote mume wangu hakuwa mjinga. Wa kuambiwa ni wao."

Nimezirudisha kwa toroli, safari kumi na moja, mchana kweupe, Tibbo nzima iko madirishani. Waliouliza nimewaambia. Mjane wa Wilf alinisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango, na hajaufungua. Ana haki. Tryphena, mama yao Eli na Hubert, ana miaka themanini na moja, alininasa kofi ambalo bado nalisikia sikioni. Kisha akaniambia kaa chini, hajawahi kumtoa mtu kwake bila chai na hataanza leo. Tulikunywa. Jumapili iliyofuata alipita benchi lake la miaka yote, akatembea na fimbo yake hadi kwa Effie, akamwambia sogea. Mimi nilikaa nyuma, karibu na makoti. Hakuna aliyekaa karibu yangu, na imenistahili.

Kanda ya Effie ilifika Alhamisi. Sijui amesemaje, na sitamuuliza. Najua tu kwamba ilipigwa, maana alifungua dirisha.

Sasa nikwambie juu ya kanda yangu, kwa sababu hapo umekosea na sitanyamaza tena kwa kosa lolote. Beti nane za kwanza umeziimba kifua wazi. Unafika wa tisa, Garland unamwimba vizuri hadi namwona, mrefu, mwenye kofia yake. Halafu unafika jina langu, unashusha sauti. Mara ya kwanza nilidhani betri za redio zinakufa. Nikatia mpya. Nimesikiliza mara nne na sikio kwenye spika. Si betri. Unanihurumia.

Usinihurumie. Najua umeshatengeneza mia mbili, na najua mkono unauma. Shuka tena kwa Darka kwenye kabichi zake, uanze upya, hata mara kumi na nne. Ukifika jina langu litoe kama ulivyolitoa la Garland, watu wa mwisho mlangoni walisikie.

Baba yenu, wewe na Cecil,
Leander